Mchokoza Mada na Wenye Nchi: Ufundi wa Kujadili Falsafa Hadharani

Mjadala wa hadhara wa falsafa ni ufundi wenye kanuni zake, kama ulivyo uhunzi au ususi. Malighafi yake ni dhana: haki, nchi, ukweli, wajibu, utu. Kazi yake ni kuichukua hoja ya mtafiti, kuiweka mbele ya watu wasio watafiti, na kuijaribu. Mnunuzi wa chungu hukigonga kwa kidole na kusikiliza mlio. Chenye ufa hujitaja chenyewe. Hoja nayo hugongwa hivyo, na wagongaji wazuri ni wale ambao maisha yao ndiyo yanayozungumziwa.

Korogwe na Handeni, mkoani Tanga, zina akiba kubwa ya ufundi huu. Wasambaa wa milima ya Usambara, ambayo sehemu yake imo wilayani Korogwe, wamejadili kwa vizazi vingi swali moja zito la falsafa ya siasa: madaraka huhalalishwa na nini? Mwanahistoria Mmarekani Steven Feierman, aliyeanza utafiti Usambara katika miaka ya 1960, aliufuatilia mjadala huo katika kitabu chake Peasant Intellectuals cha mwaka 1990. Kiini chake ni misemo miwili ya Kisambaa. Kuzifya shi ni kuiponya nchi. Kubana shi ni kuiharibu. Shi, neno lililo ndugu na nchi ya Kiswahili, hubeba ardhi na watu wake kwa pamoja. Mtawala asiye na mshindani huiponya nchi, mvua ikanyesha na vyakula vikastawi. Nguvu zikipambana kwa nguvu, njaa huingia.

Nadharia hiyo haikukaa kama methali ya kukaririwa. Katika miaka ya 1940 na 1950, serikali ya kikoloni ilipowalazimisha wakulima wa Usambara kulima kwa matuta ili kuzuia mmomonyoko, watu waliuliza kama chifu anayeisimamia amri hiyo bado anaiponya nchi. Uchifu ulipofutwa mwaka 1963, swali liligeuka: je, nchi yenye viongozi wengi wanaoshindana itapona? Maneno yalikuwa yale yale, lakini kila kizazi kiliyapima upya na kuyatwisha hoja mpya. Hapo ndipo fikra inapotofautiana na mazoea.

Upande wa Handeni, nchi ya Wazigua, unaongeza ushahidi wa kupimia hoja hiyo. James Giblin, katika kitabu chake cha mwaka 1992 kuhusu historia ya mazingira ya wilaya hiyo, alieleza jinsi viongozi wa kabla ya ukoloni walivyotumia akiba yao kuwasaidia watu wakati wa ukame, ili vijiji visivunjike. Vijiji vilipodumu, vichaka vilifyekwa na mbung'o wakazuiwa. Ukoloni ulipoudhoofisha mpango huo, njaa na ndorobo, ugonjwa wa ng'ombe unaoenezwa na mbung'o hao, vilienea. Kuiponya nchi, basi, kulikuwa na sura ya ghala na shoka pia.

Ufundi wenyewe una hatua. Kwanza husimama mchokoza mada, ambaye hueleza hoja moja kwa maneno yanayoeleweka, bila kuificha nyuma ya istilahi. Pili, maneno husafishwa. Chukua mfano wa mada juu ya haki ya ardhi katika wilaya yenye wakulima na wafugaji. Mzee mmoja huuliza: haki ya nani, ya mwenye hati, ya aliyezika wazazi wake pale, au ya ng'ombe wanaokufa kwa kiu? Kwa swali hilo neno moja limepasuka vipande vitatu, na mtafiti ana kazi mpya. Tatu, anayepinga hurudia kwanza hoja ya mwenzake mpaka mwenyewe akiri kwamba ndivyo alivyosema, ndipo ajibu. Hatua hii ndiyo ngumu kuliko zote, na ndiyo inayoutofautisha mjadala na mabishano.

Wanafalsafa wa Afrika wameipa kazi hii nafasi ya heshima. Henry Odera Oruka wa Chuo Kikuu cha Nairobi aliwahoji wazee wa Kenya, akiwamo Paul Mbuya Akoko, akiwazalisha fikra kwa maswali kama mkunga. Katika Sage Philosophy ya mwaka 1990 alitofautisha mzee anayehifadhi hekima ya jamii na yule anayeihoji. Kwasi Wiredu wa Ghana alishauri kila tatizo la kifalsafa lifikiriwe pia katika lugha ya mama, kwani mengine huyeyuka yakitoka katika lugha yaliyozaliwa. Kai Kresse, katika kitabu chake cha mwaka 2007, alionyesha falsafa ikiishi katika baraza za Mombasa. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam nacho kilianzisha Kigoda cha Mwalimu mwaka 2008, Issa Shivji akiwa profesa wake wa kwanza, na mihadhara yake ikafunguliwa kwa umma.

Hatua ya mwisho ni kufunga. Mwongoza mjadala hutaja hoja zilizosimama, zilizoanguka, na swali ambalo bado halijajibiwa. Hatangazi mshindi. Swali hilo mtafiti huondoka nalo, akalifanyie kazi na kulirudisha. Kwa maana utafiti juu ya shi hukamilika pale wenye shi wanapousikia kwa lugha yao, wakaugonga, na wakaridhika na mlio wake.