Wade na jeni za jamii: hesabu ya kinyumenyume



Nimekirudia kitabu cha Nicholas Wade, A Troublesome Inheritance, kilichotoka 2014. Hoja yake ni kwamba mabadiliko madogo ya jeni humgeuza kidogo mtu mmoja mmoja katika namna ya kuishi na wenzake. Vizazi vikipita, jamii hii inapata taasisi imara, ile inabaki masikini. Sisi Waafrika katuweka upande upi, mnajua wenyewe.

Nisieleweke vibaya. Jeni kubadili tabia ya kundi si hadithi. Kuna sisimizi wakali wa Amerika ya Kusini waitwao sisimizi wa moto. Laurent Keller na Kenneth Ross walionyesha mwaka 1998 kuwa katika makundi yao yenye malkia wengi, wafanyakazi wenye aina fulani ya jeni huwaua malkia wasio nayo. Mwaka 2013 ikabainika kuwa kazi hiyo inafanywa na kipande kizima cha kromosomu, chenye mamia ya jeni.

Lakini mtu si sisimizi. Wade anaegemea jeni iitwayo MAOA. Ni kweli, mwaka 1993 Han Brunner na wenzake walieleza ukoo mmoja wa Uholanzi ambamo wanaume kadhaa walikuwa na jeni hiyo imeharibika, na walikuwa wepesi wa kushambulia watu. Sawa, huo ni ukoo mmoja! Kutoka hapo hadi bara zima, daraja liko wapi? Hatuonyeshi. Agosti 2014 wataalamu wa jeni zaidi ya 100, wakiwemo ambao tafiti zao kazitumia, walimkana kwa barua katika New York Times.

Ushahidi mwingine uko kwetu. Mwaka 2007 Sarah Tishkoff na wenzake waligundua, kwa watu wa Tanzania, Kenya na Sudani, mabadiliko ya jeni yanayomwezesha mtu mzima kunywa maziwa bila tumbo kumsumbua, na si yale ya Wazungu. Ufugaji ndio uliyoyafanya yawe na faida, yakaenea. Desturi ilitangulia, jeni ikafuata. Wade kaanzia mwisho.

Jamani, hili si la kuchezea. Kama umasikini umo katika damu, basi shule, katiba na mahakama ni kupoteza wakati tu. Vijana wetu wanaosoma huku watakutana na kitabu hiki darasani. Tusiwaambie wakitupe. Tuwafundishe kumwuliza mwandishi: daraja liko wapi?