Salammbô na Mitungi ya Karthago

Riwaya ya Gustave Flaubert, Salammbô, ilitoka mwaka 1862. Mwaka 1921, huko huko Karthago nchini Tunisia, pakagunduliwa uwanja wa mitungi yenye mifupa ya watoto wachanga iliyochomwa. Mtaa huo leo unaitwa Salammbô. Ninasomea shahada ya uzamili ya akiolojia, na jina hilo hunikera kila nikilikuta kwenye ripoti za uchimbaji: kama hukumu iliyotangulia ushahidi.

Flaubert anajua kuandika umati. Katika sura ya Moloki watoto wanaingia motoni mmoja baada ya mwingine, na msomaji haachiwi uso hata mmoja wa kuukumbuka. Isipokuwa mahali pamoja: Hamilcar anamficha mwanawe Hannibal, anamtoa mtoto wa mtumwa badala yake, na baba wa mtoto huyo anakuja kumlilia. Kwangu hizo ndizo kurasa bora za sura nzima, ingawa baba huyo hana jina.

Kwenye mawe ya nadhiri yaliyofukuliwa mambo ni kinyume. Mweka nadhiri anajitaja, anamtaja baba yake, mara nyingi na babu, na anamtolea shukrani Baal Hammon, pamoja na Tanit, kwa kusikia sauti yake. Wengine ni wanawake. Asiyetajwa ni mtoto.

Wataalamu nao wanabishania meno. Mwaka 2010 Jeffrey Schwartz na wenzake, baada ya kuchunguza mitungi 348, walisema wengi wa watoto hao walikufa kabla ya kuzaliwa au muda mfupi baadaye. Mwaka 2011 Patricia Smith na wenzake wakajibu kwamba moto husinyaza meno, hivyo wengi walikuwa wameishi wiki kadhaa. Naegemea kwa Smith, maana baadhi ya mitungi ina mifupa ya wanakondoo, na mwanakondoo hafanyiwi matanga.

Lakini kukubali kafara si kumkubali Flaubert. Mitungi hiyo ilizikwa kwa zaidi ya miaka 500, mingi ikiwa na mtoto mmoja au wawili. Na jiwe lililowaelekeza wagunduzi wa 1921, sasa liko makumbusho ya Bardo, lina mwanamume aliyevaa kanzu nyepesi, amempakata mtoto kwa mkono mmoja na kuinua wa pili. Moto haukuchongwa.