Methali na Msemaji Wake: Juu ya Mikusanyo ya Hekima ya Kiswahili

Tangu W. E. Taylor alipochapisha mkusanyo wake huko London mwaka 1891, methali za Kiswahili zimekusanywa mara nyingi. S. S. Farsi alitoa zile za Unguja mwaka 1958, na mwaka 1981 Albert Scheven akapanga methali zaidi ya 2,000 chini ya vichwa vya mada. Kazi hizo zina thamani, na mwanafunzi wa fasihi simulizi hawezi kuzikwepa. Hata hivyo, mpangilio wa namna hiyo umewazoeza wasomaji kuiona methali kuwa ni kauli juu ya tabia ya binadamu, yaani sheria ndogo iliyo kweli kila siku na kwa kila mtu. Dhana hiyo haivumilii kuchunguzwa.

«Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo» husema kwamba tabia hujengwa na malezi. «Mtoto wa nyoka ni nyoka» husema kwamba mtu huzaliwa nayo. Zikikutana kwenye karatasi zinapingana waziwazi, na msomaji aweza kudhani kwamba hekima ya wahenga haina msimamo. Lakini ya kwanza huambiwa mzazi wakati mtoto angali mdogo na bado kuna la kufanya; ya pili husemwa aghalabu na jirani, mzazi asipokuwapo, baada ya mambo kuharibika. Hazijibu swali moja. Vivyo hivyo, «Haraka haraka haina baraka» ni silaha ya anayetaka apewe muda, na «Ngoja ngoja huumiza matumbo» ni ya aliyekwisha kungoja.

Methali inayostahili kutazamwa kwa kirefu ni «Asiyesikia la mkuu huvunjika guu». Uzuri wake wa sauti haufichiki: mkuu na guu vimefungwa kwa kina kimoja, na mguu umekuzwa ukawa guu ili uwiane na ukubwa wa aliyepuuzwa. Neno lenyewe halitajwi. Limebaki «la» tu, kwa hiyo lolote atakalosema mkuu huingia humo. Tena methali hii husemwa mara nyingi baada ya mguu kuvunjika. Hapo haionyi, bali inahukumu; na kwa kuwa huletwa siku ya kuvunjika tu, haiwahesabu waliosikia la mkuu wakavunjika vilevile. Mapokeo hayohayo yana «Ukubwa jaa», maneno mawili yasiyo na kitenzi, yanayomkumbusha mkubwa kwamba takataka zote humwagwa kwake naye hana budi kuzipokea. Katika mazungumzo hizi mbili hukabiliana. Katika kitabu kilichopangwa kwa alfabeti moja iko mwanzoni, nyingine karibu na mwisho, na kijana aliyelaumiwa ananyimwa jibu lake.

Madhara ya kutenganishwa huko si ya kitabuni tu. Mkulima akijiambia «Mvumilivu hula mbivu» mbele ya mgomba wake, anasema kweli, maana mgomba ni wake na ndizi zitaiva. Mwalimu wa Kongo aliyekaa miezi mingi bila mshahara katika miaka ya 1990, akiambiwa maneno hayo na mkuu anayelipwa, alikuwa akiombwa angoje matunda ya mti usio wake. Watu walikuwa na jibu lao, ile «Kifungu cha 15», yaani kila mtu ajitafutie, kifungu ambacho kwa maana hiyo hakimo katika katiba yoyote ya nchi. Mkusanyaji anayekiacha nje kwa sababu ni cha mtaani, na kwa sababu kimetoka katika Kifaransa, anaandika mazungumzo ya upande mmoja.

Kwamba hekima yaweza kuhifadhiwa kwa namna nyingine, wasomi wa Kongo wana ushahidi karibu nao. Walega wa Maniema na Kivu ya Kusini, katika chama cha Bwami, hawakufundisha methali peke yake. Daniel Biebuyck, katika kitabu chake cha mwaka 1973, alionyesha jinsi methali ilivyoandamana na kitu (manyoya, kombe, sanamu ya pembe ya ndovu) pamoja na wimbo na ngoma, na jinsi kitu kimoja kilivyoweza kubeba maana mbalimbali kwa kadiri ya daraja na tukio. Ilikuwapo pia kamba iitwayo mutanga, iliyotundikwa vitu vidogo vidogo, kila kimoja kikishika neno lake. Utawala wa Kibelgiji uliipiga Bwami marufuku mwaka 1948. Sanamu zake nyingi zimo leo katika makumbusho ya Ulaya na Marekani, nyuma ya vioo, pasipo kinywa cha kuzisema. Hali yake haitofautiani sana na ile ya methali iliyochapwa chini ya kichwa «Subira».

Mwanafunzi anayetumwa kukusanya methali Bukavu, Kindu au Lubumbashi angefaa kupewa daftari lenye safu nne kando ya methali: nani alisema, kwa nani, kabla ya tendo au baada yake, na alijibiwa nini. Safu ya nne ndiyo ngumu zaidi kuijaza, kwa kuwa aliyeambiwa, hasa akiwa mdogo au mke, mara nyingi hunyamaza. Kimya hicho nacho kiandikwe.