Chokaa Kwanza, Sayanaidi Baadaye

Katika mitambo ya kuchenjulia marudio huko Geita na Kahama, mchanga uliokwisha kupita kwenye zebaki hujazwa ndani ya matangi, kisha humwagiwa maji ya sayanaidi. Sayanaidi huyeyusha dhahabu kwa msaada wa oksijeni. Njia hiyo ilipewa hataza mwaka 1887 kwa kazi ya MacArthur na ndugu wawili wa ukoo wa Forrest huko Glasgow. Lakini mchenjuaji makini hutanguliza chokaa, na sababu yake ni ya kikemia.

Ndani ya maji, sehemu ya sayanaidi hubaki ayoni, nayo ndiyo inayoshika dhahabu. Sehemu nyingine huchukua hidrojeni ya maji, ikaacha hidroksidi, na kuwa sayanaidi ya hidrojeni, sumu kali inayotoka kama gesi. Mmenyuko huu huenda mbele na kurudi nyuma kwa wakati mmoja, mpaka kasi zote mbili zilingane. Huo ndio msawazo.

Henri Le Chatelier alieleza mwaka 1884 kwamba hali ikibadilishwa, msawazo husogea upande unaopunguza badiliko hilo. Chokaa huongeza hidroksidi, yaani hupandisha pH, hivyo mmenyuko hurudi kwenye ayoni. Kwa nyuzi 25 za Selsiasi, pH ikiwa 9.2 nusu ya sayanaidi ni ile ya sumu inayoruka. Ikishuka hadi 8.2 ni takriban asilimia 90. Ikipanda hadi 11.2 ni asilimia 1 tu.

Tangi la wazi lina hatari zaidi. Gesi ikishapeperushwa na upepo haiwezi kurudi majini, kwa hiyo mmenyuko husonga mbele kufidia iliyopotea. Joto nalo huisukuma itoke, kwani sumu hii huchemka kwenye nyuzi 26 hivi. Mchanga wenye pairaiti huzalisha tindikali inayokula chokaa taratibu, kwa hiyo kipimo cha asubuhi hakitoshi kuaminiwa jioni.

Kuzidisha chokaa pia ni hasara, maana dhahabu huyeyuka polepole. Kiwango kinachofaa kwa kawaida ni pH ya 10.5 hadi 11, na kipimwe kabla ya sayanaidi kumwagwa, kisha kila zamu. Anayebana matumizi ya chokaa hupoteza sayanaidi ya bei kubwa hewani, na hewa hiyo ndiyo wanayovuta vijana wanaosimama juu ya tangi.