Joka, Dadu na Neno la Moyoni

Vijana wa usharika wetu walipoomba ukumbi wa chini ya kanisa ili wacheze mchezo wa majoka, wazazi walituuliza: je, huku si kumkaribisha Shetani kwa mlango wa nyuma? Sisi ni usharika wa Kiswahili ulioko Marekani, na mambo mengi ya huku tunayasikia kwanza kwa watoto wetu, nao huyatoa shuleni. Hatukutaka kukataa jambo tusilolijua, wala kulibariki kabla ya kulipima. Basi tuliketi nao Jumamosi sita, tukiuendesha mchezo wenyewe.

Michezo ya aina hii huchezwa kwa maneno, watu wakiwa wameizunguka meza. Kila mchezaji huchukua nafasi ya mtu wa kubuni, labda askari au msafiri. Mwendeshaji husimulia mahali walipo na hatari iliyo mbele yao. Mchezaji husema atakalofanya, na mara nyingi dadu huamua kama amefaulu. Mchezo ulioanzisha mtindo huu ni Dungeons & Dragons, uliotolewa Marekani mwaka 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson. Katika miaka ya 1980 Wakristo wengi wa nchi hiyo waliuogopa, kwa sababu ndani yake mna uchawi na mapepo. Mwaka 1984 Mkristo mmoja wa Colorado, Dick Wulf, alitoa mchezo wa namna hiyo kwa ajili ya kufundisha imani, akauita DragonRaid. Huu ndio tuliouchagua.

Tuseme mema yake kwanza, maana ni mengi. Nguvu za mhusika hupimwa kwa tunda la Roho lililoandikwa katika Wagalatia 5: upendo, furaha, amani, uvumilivu na mengine hadi kiasi. Majoka ni majaribu na uongo unaomnong'oneza mtu. Na silaha kubwa ni Neno: mchezaji hukariri mstari wa Biblia kwa kinywa chake mwenyewe, bila kutazama kitabu. Vijana ambao katika Shule ya Jumapili walisinzia wakati wa aya ya kukariri, sasa walikuja na mistari mitano, wakisikilizana ngazini kabla ya kuingia.

Lakini kufikia Jumamosi ya tatu kitu kilianza kutusumbua. Joka lilitokea, binti mmoja akatamka mstari wake kwa kasi kama kasuku, joka likashindwa, wakaendelea mbele. Hakuna aliyeuliza mstari ule ulisema nini. Kwetu nyumbani tuliwahi kuona maandiko yakishonwa ndani ya hirizi na kufungwa mkononi. Nguvu ilidhaniwa kuwa katika kukibeba kitu, si katika kutii kilichoandikwa. Tulijiuliza kama hatukuwa tukiwashonea watoto wetu hirizi ya sauti. Wana wa Skewa, katika Matendo 19, walilitumia jina la Yesu kwa namna hiyo, wakatoka wamejeruhiwa na uchi. Na alipomjaribu Yesu, Ibilisi naye aliikumbuka Zaburi.

Jumamosi ya tano jambo hilo lilitufika shingoni. Kijana mmoja, mpole, alikwama mbele ya joka la hofu. Vitabu vya mchezo ni vya Kiingereza, naye mstari wa Kiingereza ulimtoka kabisa. Alinyamaza, kisha akausema kwa Kiswahili, polepole, kama alivyoufundishwa na bibi yake ambaye tulikuwa tumemzika mwaka uleule. Wenzake wakapiga kelele: hiyo haihesabiki! Wakatugeukia sisi tuliokuwa tukiendesha mchezo, tuamue.

Tulisitasita kuliko inavyotupasa kukiri. Tulijua tukilegeza kanuni moja, kesho wataomba nyingine. Kisha tukamwuliza kijana: mstari huu unakuambia ufanye nini sasa? Akajibu kwamba unamwambia asikimbie, kwa kuwa hayuko peke yake. Tukasema imehesabika. Siku ya Pentekoste kila mtu aliyasikia matendo makuu ya Mungu kwa lugha yake, na hatukuona sababu ya meza yetu kuwa na sheria kali kuliko ile.

Kwa hiyo hukumu yetu ni hii. Mchezo huu ni mzuri na unafaa, ila kasoro yake haiko pale wazazi walipoihofia. Majoka hayakumdhuru mtu. Nabii Nathani naye alitunga kisa cha mwana-kondoo, na kisa hicho kikamfikisha Daudi kwenye toba. Hatari iko katika kuwazoeza watoto kwamba aliyekariri vizuri hushinda daima. Katika safari tulizocheza hapakuwa na nafasi ya Ayubu, aliyemcha Mungu na bado akakaa majivuni.

Watakaotaka kuuendesha kwingine, tunawashauri jambo moja: baada ya kila mstari, msimamisheni mchezaji, mwulizeni unamwagiza nini hapo alipo. Mchezo utakwenda taratibu, na wengine watanung'unika. Nasi tumewaomba wazee wa usharika waje Jumamosi moja kila mwezi, waketi mezani na kuwafundisha vijana mistari kwa lugha waliyoomba nayo walipokuwa wadogo. Yule kijana ametuomba kiti kimoja kiachwe karibu naye, kwa ajili ya babu yake.