Tabaka la Juu la Kibanja: Jinsi Rutuba ya Izigo Ilivyojengwa

Chimba shimo la kina cha mita moja na nusu katikati ya kibanja, yaani shamba la migomba la nyumbani, huko Izigo wilayani Muleba, kisha chimba jingine kama hilo kwenye rweya, yaani ardhi ya nyasi, iliyo jirani, kwenye mteremko uleule. Chini, kuta za mashimo hayo mawili zitafanana: udongo wa rangi ya njano inayoelekea wekundu, mgumu kidogo, wenye chembe za mchanga, na pengine changarawe za moramu. Juu hazifanani hata kidogo. Kwenye kibanja kuna tabaka nene jeusijeusi, laini, lililojaa mizizi na minyoo. Kwenye rweya kuna tabaka jembamba la kijivu lenye mizizi ya nyasi tu. Mwaka 1938 mtaalamu wa udongo Geoffrey Milne, wa kituo cha utafiti cha Amani huko Usambara, alichapisha katika jarida la kilimo la Afrika Mashariki makala kuhusu jambo hili hili la Bukoba: rutuba kubwa na rutuba hafifu kukaa bega kwa bega juu ya udongo wa asili moja. Jibu lake, ambalo ushahidi uliokusanywa baadaye umeliunga mkono, ni kwamba tofauti hiyo imetokana na kazi ya watu. Nami nakwenda mbele kidogo. Tabaka la juu la kibanja ni kitu kilichojengwa, na tukilichukulia kama zawadi ya asili tutaendelea kulipoteza bila kuelewa kwa nini.

Tuanze chini kwenda juu. Sehemu kubwa ya Bukoba na Muleba imelala juu ya miamba ya mchanga yenye umri wa zaidi ya miaka milioni 500, ambayo wanajiolojia wameipa jina la Bukoba yenyewe. Mwamba wa mchanga ni hasa kwazi, madini magumu yasiyo na kalisi wala potasiamu ya kumpa mmea. Kwa hiyo udongo uliozaliwa na mwamba huu ulizaliwa maskini. Juu ya umaskini huo inanyesha mvua ya Ziwa Viktoria. Bukoba hupata takriban milimita 2,000 kwa mwaka, yaani lita milioni 20 kwa kila hekta. Tuseme milimita 1,200 zinarudi hewani kwa uvukizaji na kupitia majani ya mimea. Zitabaki lita milioni 8 ambazo lazima zitiririke juu ya ardhi au zipenye kwenda chini. Zile zinazopenya huondoka na kila kinachoyeyuka: kalisi, magnesi, potasiamu, naitreti. Kinachobaki ni kwazi, oksidi za chuma na alumini, na mfinyanzi wa aina ya kaolinaiti, ambao uwezo wake wa kushikilia virutubisho ni mdogo mno. Kadiri kalisi inavyoondoka, udongo unazidi kuwa na tindikali, na pH ikishuka chini ya 5.5 alumini huanza kuyeyuka na kudumaza mizizi. Wekundu unaowavutia wageni ni kutu ya chuma tu, na hauna chakula cha mgomba ndani yake.

Hapa ndipo suala la upitishaji maji linapoingia, nalo linastahili kukaliwa kwa muda, kwa sababu ndilo linaloamua wapi kibanja kinaweza kujengwa na kwa kiasi gani kitavuja. Wataalamu hugawa udongo katika ngazi, kuanzia unaopitisha maji kupita kiasi hadi ule unaotuama mwaka mzima. Udongo wa wastani, ambao maji hutoka vizuri lakini si haraka, uko karibu na katikati: mizizi hupata hewa kwa sehemu kubwa ya mwaka, ila kwa vipindi vifupi vya mvua kubwa tabaka la chini hujaa maji. Huhitaji kusubiri masika ili kuutambua, kwa kuwa ukuta wa shimo umehifadhi kumbukumbu. Maji yakijaza matundu ya udongo, bakteria humaliza oksijeni iliyomo kwa siku chache, kisha huanza kutumia chuma badala yake. Chuma hicho hugeuka na kuyeyuka, kikasogea na maji. Hewa ikirudi, hasa kandokando ya njia za mizizi, kinaganda tena kuwa kutu. Alama zinazobaki ni madoa: ya kijivu pale chuma kilipoondoka, ya rangi ya chungwa pale kilipotua. Madoa yakianza kuonekana kati ya sentimita 50 na 100, una udongo wa upitishaji wastani. Yakianza juu zaidi ya hapo, mgomba utateseka, maana mizizi yake mingi hulala katika sentimita 40 za juu na haivumilii kukosa hewa.

Mahali pa udongo kama huo hupatikana kwa kufuata mteremko. Milne huyohuyo ndiye aliyewafundisha wanasayansi wa dunia nzima, kuanzia 1935, kusoma udongo wa Afrika Mashariki kama mnyororo ulioning'inia kutoka kilele hadi bondeni, akauita katena. Kwenye matuta ya mawe yanayokwenda sambamba na ziwa, udongo ni mfupi na maji hupita mbio. Katikati ya mteremko una kina na hewa. Karibu na mguu wa mteremko, kabla ya kinamasi, maji yanayoshuka ndani ya ardhi hukutana na tabaka la mfinyanzi au la moramu na kupunguza mwendo; hapo madoa huanza. Udongo wa mguu wa mteremko una faida, kwa sababu unyevu hudumu wakati wa kiangazi na migomba haisinyai haraka. Una hasara pia: naitrojeni inapotea kwa njia mbili, ikioshwa na maji kwenda chini, na ikigeuzwa gesi na bakteria wakati wa kukosa hewa. Mkulima anayemwaga mbolea ya urea katikati ya masika kwenye udongo wa namna hii anailisha anga na ziwa kabla ya kuilisha migomba.

Sasa turudi juu, kwenye tabaka jeusi. Weusi wake ni mboji, na mboji ina jambo moja ambalo kaolinaiti haina: uzito kwa uzito, hushikilia virutubisho mara kumi au zaidi. Hivyo katika udongo wa Izigo mboji ndiyo ghala lenyewe. Iliingiaje humo? Majani yalikatwa kwenye rweya na kutandazwa chini ya migomba. Ng'ombe walichungwa rweyani mchana wakalala nyumbani usiku, samadi yao ikaenda shambani. Majivu ya jikoni, maganda, majani ya migomba na magogo yake yaliyokatwa vyote vilibaki palepale, chini ya kivuli cha mibuni na miti. Tupige hesabu ili ukubwa wa kazi hiyo uonekane. Hekta moja, kwa kina cha sentimita 20, ina takriban tani 2,400 za udongo. Kuongeza kaboni kwa asilimia moja tu ni kuongeza tani 24. Nyasi kavu zina kaboni karibu asilimia 45, na sehemu kubwa huoza na kurudi hewani. Tukisema moja ya kumi hubaki kama mboji ya kudumu, tunahitaji zaidi ya tani 500 za nyasi. Kwa mzigo wa kilo 20 kichwani, hiyo ni mizigo zaidi ya 26,000 kwa hekta, bila kuhesabu mboji inayoendelea kuoza kila mwaka na kuhitaji kufidiwa. Hiyo ni kazi ya vizazi, na inafaa kuheshimiwa kama tunavyoheshimu jengo la mawe.

Kuna anayepinga kwamba huenda mababu walichagua tu penye udongo mzuri, na tofauti tunayoiona ilikuwepo tangu mwanzo. Pingamizi hili lina kweli ndani yake. Hakuna aliyepanda migomba juu ya mwamba mtupu au ndani ya kinamasi. Kina cha udongo na upitishaji maji viliongoza makazi. Lakini uchaguzi huo hauwezi kueleza mambo mawili. La kwanza ni jinsi tofauti inavyofifia kadiri unavyoshuka: kama udongo wenyewe ungekuwa bora tangu asili, ubora ungeonekana pia sentimita 80 chini, karibu na mwamba ulikotoka. La pili ni vikamba. Kikamba ni kibanja kilichochoka, ambacho migomba imekonda hadi mkulima akaacha kukitunza kama kibanja na kupanda mihogo au mazao mengine ya msimu. Mwamba wake haukubadilika, mvua haikubadilika, mteremko ni ule ule. Kilichosimama ni uletaji wa nyasi na samadi, na udongo ukaanza kurudi kwenye hali ya rweya. Kitu cha asili hakihitaji kulishwa ili kibaki kilivyo. Tabaka la kibanja linahitaji.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba mfumo huu ulikuwa unaiba: kila lundo la nyasi lililofika kibanjani liliondoka rweyani, na rweya ikazidi kuwa maskini. Nakubali. Rutuba ya kibanja ilikuwa imekusanywa kutoka eneo kubwa kuliko kibanja chenyewe, na mfumo ulisimama mradi rweya ilikuwa pana na ng'ombe walikuwa wengi. Nguzo hizo mbili ndizo zilizovunjika. Sotoka ya miaka ya 1890 iliteketeza ng'ombe katika ukanda wote huu, na ingawa mifugo ilirudi, katika karne iliyofuata kaya nyingi zilibaki bila ng'ombe. Watafiti waliolinganisha matumizi ya ardhi ya wilaya ya Bukoba mwaka 1961 na 1999 walikuta rweya imepungua sana, ikimegwa kwa mashamba mapya, makazi na miti ya kupandwa, na ng'ombe wamepungua pia. Mikaratusi na misonobari inayofunika vilima leo inalipa, na simlaumu mwenye ardhi anayeipanda. Ila kila hekta yake ni hekta ambayo haitoi tena matandazo.

Wengine husema chanzo cha kudorora kwa migomba ni magonjwa, na udongo unasingiziwa. Ni kweli kwamba mnyauko bakteria, ulioripotiwa Tanzania kwa mara ya kwanza wilayani Muleba mwaka 2006, unaua mgomba ulionona sawasawa na uliokonda. Lakini fukusi na minyoo ya mizizi hawako hivyo: mgomba wenye chakula hutoa mizizi mipya haraka kuliko inavyoliwa, ulio na njaa huanguka na mkungu wake. Na shina zima linapong'olewa kwa sababu ya mnyauko, udongo hubaki wazi mbele ya mvua kubwa, mboji ikaoza na kusombwa kwa kasi. Ugonjwa na uchovu wa udongo vinasaidiana, na anayetibu kimoja peke yake atarudi kwenye tatizo lilelile.

Basi kwa nini tusinunue mbolea ya viwandani na kumaliza suala hili? Mbolea inahitajika, na wanaoikataa kwa jina la asili wanasahau hesabu ya potasiamu. Tani moja ya mikungu huondoka na takriban kilo 5 za potasiamu. Kibanja kinachouza tani 10 kwa hekta kinapoteza kilo 50 kila mwaka, sawa na mifuko miwili ya kilo 50 ya kloridi ya potasiamu. Zamani ndizi zililiwa nyumbani na maganda yakarudi shambani. Leo maganda yanatupwa majalalani mjini Bukoba, Mwanza na Dar es Salaam. Hakuna jani litakalofidia hilo. Ila mbolea iliyowekwa juu ya mchanga na kaolinaiti bila mboji haina pa kushikwa, na kwa udongo wenye madoa chini na mvua ya milimita 2,000 juu, sehemu kubwa itapita. Kwa maoni yangu mpangilio ni huu: kwanza jenga ghala, kisha lijaze kidogokidogo, ukigawa mbolea katika awamu na kuepuka kilele cha masika.

Ghala litajengwa kwa nini, iwapo rweya imekwisha? Majaribio yaliyofanywa mkoani Kagera na watafiti wa kituo cha Maruku yalionyesha njia moja: kupanda mikunde ya kurutubisha udongo, kama tefrosia, kwenye ardhi iliyochoka, kisha kuikata na kuipeleka shambani kama matandazo. Faida yake juu ya nyasi ni kwamba naitrojeni yake huivuna hewani, haichukui yote rweyani. Udhaifu wake ni kwamba potasiamu na kalisi hazitoki hewani. Jani la mkunde linaweza tu kuzipandisha kutoka kina cha mizizi yake, na kwenye udongo wa mwamba wa mchanga huko chini kumebaki kidogo. Kwa hiyo mkunde ulete mboji na naitrojeni, ng'ombe mmoja wa zizini aliyelishwa matete yaliyopandwa kwenye kingo za mteremko aongeze samadi, majivu na chokaa vipunguze tindikali, na mfuko wa dukani ulete potasiamu ile iliyosafiri na ndizi kwenye lori. Mkulima wa mguu wa mteremko aanze kwa kuchimba shimo na kutazama madoa yanaanzia wapi, maana yakianza kabla ya kufika kina cha sentimita 50, mfereji wa kutoa maji utamfaa kuliko mfuko wowote.