Mzinga Mbele ya Majaji

Kutoka Kapseret, ndege zinakotua karibu na mashamba ya mahindi, si mbali hadi kampasi ya Annex, ambako Chuo Kikuu cha Moi hufundisha sheria. Nikipita huko huwakumbuka wanazuoni wa haki za jamii asilia, na leo nawapa hongera kwa moyo wote.

Tazama kesi ya Waogiek, jamii asilia ya Msitu wa Mau. Mzinga wa nyuki wa gogo umekaa juu ya mti. Mpita njia haoni ila gogo. Mwanazuoni huketi na mzee akauliza: mti huu ni wa ukoo gani? Mpaka wenu unafuata mto upi? Maswali hayo hugeuza kumbukumbu kuwa ushahidi. Mei 26, 2017, Mahakama ya Afrika jijini Arusha iliamua kwamba Kenya ilikiuka haki za Waogiek, zikiwemo za ardhi, dini na utamaduni. Juni 2022 ikaamuru fidia ya shilingi za Kenya milioni 157.85 na hatimiliki ya pamoja.

Kazi ya subira hii, jamani! Hukumu ikishatoka, wanazuoni hurudi msituni na daftari, kuuliza tena.